Mkamwana Nyuma ya Kitambaa

Dar es Salaam, 7 Februari 1954

Dada yangu Atuganile,

Ugonile. Naomba barua hii ikukute pakavu, maana naijua Februari ya kwetu, mtu hulala nyumbani akaamka mtoni. Mimi mzima, nakula, joto tu la huku ndilo linanionea. Msalimie shemeji Eliud, mwambie koti lake aliloniazima bado lipo na linapendwa na watu. Mama kifua chake vipi? Na mwanao Eliya ameanza kusimama?

Habari zangu ni kubwa. Unakumbuka nilianza kazi hii kama mkalimani wa gari la sinema, nashika kipaza sauti nawaeleza watu faida za choo. Baadaye kampuni ikataka hadithi za Kiswahili, nami nikaandika moja. Serikali ilitaka watu waipende chanjo ya ndui. Nikatunga kijana aliyempenda msichana kwenye foleni ya chanjo, akawa anarudi kujipanga kila kukicha ili amwone tena, mpaka mkono ukavimba akashindwa kumpungia. Watu walicheka hadi mama mmoja akamwaga uji wake. Sasa Bwana Mkubwa amesema niandike na niongoze mwenyewe. Kuongoza maana yake ni wewe kusema nani asimame wapi, nani alie, nani acheke, na wote wanatii. Huko nyumbani sijapata kutiiwa hata na mbuzi.

Lakini dada, kila hadithi ninayoandika inaishia harusini, na mimi mwenyewe napika chai peke yangu chumbani Ilala. Unajua ninachotaka. Nataka Rut wa Ikombe. Tangu siku ile gari letu lilipofika Matema, akaweka chini vyungu vyake na kuniuliza kwa nini watu wa sinema hawapiki, chakula kinatokea tu kimeiva, sijakaa nikatulia. Kwao wamesema wataingoja posa yetu mpaka mwisho wa mwaka. Baba hataki kutuma mshenga. Nenda kaseme naye, wewe anakusikia.

Ndimi mdogo wako, mwongoza picha,
Andongwisye

Njisi, 19 Machi 1954

Mdogo wangu mwongoza watu,

Ndaga, asante kwa barua. Imefika imelowa, sehemu ya sifa zako imefutika, lakini zilizobaki zinatosha. Mama kifua kimepoa. Eliya anasimama kwa kushika mkia wa mbwa. Eliud anasema koti si la kupendwa na watu wa Dar es Salaam, ni lake, lirudi.

Mimi naendelea na ukamwana wangu. Mkwe wangu, yule ambaye jina lake silitaji hata kwa kalamu, amebadilisha njia, sasa anapita nyuma ya nyumba yangu kila asubuhi akienda kwa ng'ombe. Nami kila asubuhi natumbukia migombani nimejifunika khanga, nisimwone asinione. Juzi nilitumbukia juu ya siafu. Nilikaa kimya mpaka alipopita, kwa heshima ya mila, na heshima ile bado inaniwasha.

Nilikwenda Ngonga kwa Baba. Nakuandikia alivyosema, usinilaumu. Alisema alikusomesha uwe mchungaji, au mwalimu, au angalau karani, badala yake unalipwa kuwafanya watu wazima wapendane mchana mbele ya watoto. Alisema ng'ombe wake hawatatoka zizini kwenda Ikombe kwa ajili ya mtu anayedanganya watu kwa taa. Siku utakayoiacha kazi hiyo, mshenga atatoka siku hiyo hiyo. Mama alijaribu kukutetea, akaambiwa anyamaze na kifua chake.

Jambo jingine, silipendi lakini ulijue. Yule Yakobo, karani wa forodha pale Kasumulu, amenunua baiskeli na sasa ananunua vyungu vya Ikombe kila gulio. Ana vyungu vingi kuliko mtu asiye na mke anavyohitaji. Fanya haraka, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Dada yako,
Atuganile

Dar es Salaam, 2 Mei 1954

Dada mpenzi,

Pole kwa siafu. Nimeandika habari zao kwenye daftari la kazi, usikasirike. Nafurahi Mama amepata nafuu. Koti nitalileta mwenyewe, kwa sababu nakuja.

Nakuja Juni, wakati wa mavuno, pamoja na kamera na wachezaji wawili hodari wa huku. Ambrose atakuwa baba mkwe, ana ndevu nzuri na anajua kununa. Maria atakuwa bibi harusi. Hadithi yenyewe ni ya mzee mkulima wa mpunga anayemkataa mchumba wa mwanawe, hataki hata kusikia jina lake. Mwisho msichana anamletea wali kwenye chungu alichofinyanga mwenyewe, mzee anaonja, anacheka, anakubali. Najua utaniambia mkamwana hawezi kukaa na mkwewe wakatazamana hivyo. Nilimwambia Bwana Mkubwa, akasema watu wa Pwani hawana mwiko huo, na picha ni ya kuoneshwa Pwani. Huko kwetu haitafika.

Kuacha kazi siwezi. Nimejaribu kuwaza mimi ni karani, nikapatwa na homa. Na kumkosa Rut siwezi. Wewe mlainishe Baba, mimi nitaleta sukari.

Andongwisye

Dar es Salaam, 18 Julai 1954

Dada yangu,

Nimerudi salama, na mchele ulionifungia nimekula na majirani wote wakanusa. Mwambie Eliud koti nililisahau Mbeya, liko katika mikono mizuri.

Ndaga fijo kwa kazi uliyonifanyia Ngonga. Bila wewe Baba asingekaa mbele ya kamera ile. Ulivyomwambia kwamba Serikali inataka picha ya mkulima bora ili wengine waige, hata mimi nilikaribia kuamini. Alivyoutafuna wali wa mpunga mpya, akatikisa kichwa, akasema, "Huu ndio mchele. Aliyeupika ana mikono," dada, katika kazi yangu sijaona mchezaji kama yule.

Sasa nikueleze jambo nililokuficha. Unajua Ambrose alishikwa na malaria tukamwacha hospitali Mbeya. Hujui kwamba Maria naye alifika Matema, akautazama mtumbwi wa kutupeleka Ikombe, akasema ameandikiwa mapenzi, hakuandikiwa mamba, akapanda lori akarudi. Nikabaki na kamera, filamu na fundi, sina baba mkwe wala bibi harusi. Nikamwomba Rut. Alikubali kwa kuwa nilimwambia sehemu ya mkwe atacheza Ambrose akipona. Nilisimika kasia kwenye mchanga, nikalivika kofia yangu ili ajue pa kutazama, akaliinulia bakuli akaliambia, "Karibu baba, nimekufinyangia mwenyewe." Alisema na kasia lile kwa adabu hata kasia nalo likamstahi.

Huku Dar es Salaam nimekata picha ya Baba na picha ya Rut, nikaziunganisha. Ukitazama huwezi kujua. Rut anainua macho, anasema, anampa bakuli. Baba anapokea, anaonja, anasifu. Wamekaa mkeka mmoja, wanatazamana, na wala hawajapata kuonana. Mwiko haukuvunjwa. Bwana Mkubwa ameiona, amecheka mpaka akavua miwani, amesema jina langu litaandikwa mwanzo wa picha peke yake.

Usimwambie mtu.

Andongwisye

Njisi, 15 Agosti 1954

Andongwisye,

Sote wazima. Salamu basi.

Umefanya nini wewe? Nimekaa migombani na siafu kulinda mwiko ambao wewe umeuvunja kwa mkasi na gundi. Kuna mkamwana gani Kyela hii anamwinulia mkwewe macho? Mimi mwenyewe sijui mkwe wangu ana pua ya namna gani. Unataka kumwoa msichana yule, na umemweka uso kwa uso na baba wa mumewe, anamlisha. Watu wakiona, hata Baba akigeuka malaika hawezi kutuma mshenga. Watasema amekwisha kula kwa mkono wa mkamwana kabla ya ng'ombe kutoka.

Na jambo baya zaidi ni hili. Baba, tangu ulipompiga picha, hakamatiki. Kanisani anakaa benchi la mbele ili aonekane kirahisi. Wageni wote wanaambiwa kwamba Serikali imechukua sura yake kwa sababu ya mpunga. Kanzu yake imefuliwa na inangoja kwenye kamba. Wiki iliyopita alipanda mpaka bomani Tukuyu, akamwambia Bwana Shamba kwamba gari la sinema lije Kyela, watu wana haki ya kuona picha ya mpunga. Na Bwana Shamba ameandika barua huko kwenu.

Izuie. Choma, zamisha baharini, sijui mnafanyaje. Rut mwenyewe nilimwona gulioni, nikamtazama, nikapita. Yakobo alikuwa pembeni anachagua chungu kingine.

Atuganile

Dar es Salaam, 20 Septemba 1954

Dada,

Sina muda wa salamu, nisamehe, wasalimie wote. Nilikuwa Tanga kwa wiki tatu na barua yako imenikuta leo. Karani wa ofisi yetu alisoma barua ya Bwana Shamba, akaona Kyela, mpunga, na jina la Baba, Mzee Nsajigwa, akatafuta kabatini, akaikuta picha moja tu yenye mzee huyo. Imekwisha kuondoka na gari. Mzuie Baba. Mwambie Mama augue. Eliud akate daraja kama lipo la kukata.

A.

Njisi, 6 Oktoba 1954

Mdogo wangu,

Onyo lako limefika. Gari lilikuja, likaonesha, likaondoka, ndipo onyo lilipofika. Mama hajambo, hakupata nafasi ya kuugua.

Nikueleze kwa utaratibu, na ukae kitako. Uwanja wa gulio ulijaa, watu walitoka mpaka ng'ambo ya mto Songwe, nchi ya pili. Baba alibebewa kiti kutoka Ngonga akakaa mbele kabisa na kanzu yake. Sisi wakamwana wa watu tulikaa nyuma ya kitambaa cha sinema, kama kila gari likija, kwa kuwa wakwe wote wako mbele. Picha tunaiona vizuri ila imegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Hatulalamiki, tumezoea kuona mapolisi wakipiga saluti kwa mkono wa kushoto.

Mwanzo Baba akatokea shambani mwake. Watu wakapiga makofi, yeye akainuka kitini akawapungia. Kisha sauti ikasema huyu ni mzee mkaidi anayemkataa mchumba wa mwanawe. Makofi yakapungua. Kisha akatokea Rut. Mama Neli, aliyekaa karibu yangu, akaniuliza yule si wa vyungu? Na ilipofika kwenye wali, nikasikia mashine tu inanguruma. Rut akainua macho. Baba akapokea bakuli. Akaonja, na sisi nyuma tukaona anakula kwa mkono wa kushoto, Mama Neli akasema basi huyu mzee amekwisha. Aliposema "Aliyeupika ana mikono", watu wa ng'ambo walicheka, na wa kwetu wakacheka nao kabla ya kukumbuka kwamba hawapaswi kucheka, na baada ya hapo wengi wao hawakuweza kuacha.

Baba hakucheka. Alisimama, akasema kwa sauti ya kusikika nyuma ya kitambaa, "Sijapata kumwona msichana yule tangu nizaliwe." Hakuna aliyemwamini. Akakikunja kiti akaenda zake.

Amewaita wazee wakae. Jambo lingine nililoliona uwanjani nalihifadhi kwanza, kwa kuwa sijui litatusaidia au litatumaliza. Kwao Rut wamesikia, na wanasema ikiwa Ngonga watawatukana, wataipokea posa ya Yakobo wa Kasumulu.

Dada yako aliyechoka,
Atuganile

Dar es Salaam, 24 Oktoba 1954

Dada Atuganile,

Salamu kwa Mama, kwa Eliud, kwa Eliya na kwa yule mkwe wako usiyemtaja. Naona aibu kuandika jina la Baba.

Picha yetu hapa imepata sifa. Imeoneshwa Tanga, Lindi na Mafia, na kila mahali wanataka kujua yule mzee ni nani. Bwana Mkubwa anataka nyingine tatu. Nikiwa nimeketi naye, nikawaza kwamba nimewaoza watu wa uongo kila mwezi na nimeshindwa kumtafutia ndoa mtu mmoja wa kweli. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Iko mezani. Mwambie Baba nitakuwa karani, hata wa forodha. Nampenda Rut kuliko kofia ile aliyoiangalia. Naona hata sentensi hiyo imetoka kichekesho, sijui tena kuandika namna nyingine.

Nangoja neno lako kabla sijampa barua hiyo Bwana Mkubwa.

Andongwisye

Njisi, 21 Novemba 1954

Mdogo wangu Andongwisye,

Mvua zimeanza na sote tu wazima. Eliya sasa anatembea, mbwa anashukuru. Barua ile iliyoko mezani ichane kabla hujaendelea kusoma.

Wazee walikaa Ngonga, barazani kwa Baba. Mimi niliitwa kushuhudia, lakini mkwe wangu alikuwa mmoja wa wazee, basi nikakaa nyuma ya ukuta wa mianzi nikatoa ushahidi kutoka huko, kuku wakiwa wananipanda begani. Baba alisimama na kanzu ile ile. Alisema amedhalilishwa. Alisema msichana wa Ikombe amemtazama usoni mbele ya nchi mbili, na kwamba ukoo wa msichana ulete ng'ombe wa kumwomba radhi, kama mila inavyosema.

Mzee Hezekia, unamjua, yule asiyeinua sauti, alimngoja amalize. Kisha akamwuliza, "Nsajigwa, ng'ombe huyo unamdai kama nani?"

Baba akasema, "Kama mkwe wake. Mkamwana hamtazami mkwewe."

Hezekia akasema, "Vizuri. Na mahari yake uliipeleka lini? Mbona sisi hatukuitwa hata kunywa chai?"

Nyuma ya mianzi nilijiziba mdomo kwa khanga. Wazee walitazama chini. Baba akisema si mkwe, basi hakuna mwiko uliovunjwa, na itabaki kwamba mzee wa kanisa amekula wali na msichana wa watu, na Mama alikuwa jikoni anasikiliza kwa makini sana. Akisema ni mkwe, ng'ombe inabidi watoke, na si wa kuingia zizini mwake. Alikaa. Akaanza kueleza habari za mpunga na Serikali. Hezekia akamwambia habari hiyo wanaijua.

Hapo nikaona wakati wa kusema lile nililolihifadhi. Niliwaambia kupitia mianzi kwamba siku ile Rut alikuwepo uwanjani. Alikuja na vyungu vyake gulioni, na gari lilipofika hakwenda mbele na wasichana wenzake ambao hawajaolewa. Alikuja nyuma ya kitambaa, akakaa kwetu, wakamwana wa watu. Nilimwuliza anafanya nini huku, akasema, "Mzee Nsajigwa yuko mbele." Kwao sijui mwiko huu wanaushikaje, wala hakuna aliyemwagiza. Na sura ya Baba ilipotokea tu, kubwa kama nyumba, alijifunika khanga akalala kifudifudi kwenye vumbi. Kwa hiyo, wazee wangu, nikasema, wakati picha inamwonesha anamtazama mkwewe, mwenyewe alikuwa chini hapo pembeni yangu, haoni kitu. Na huko Ikombe alikuwa anatazama kasia lenye kofia. Mama Neli na wenzake wako hapa, waulizeni.

Wazee walicheka kasia mpaka mmoja akakohoa. Baba hakucheka. Aliuliza, kwa sauti ambayo sikuizoea, "Alijifunika mpaka lini?"

Nikasema mpaka mashine ilipozimwa, na hata baada ya hapo aliuliza kama Baba amekwisha kuondoka.

Kuku mmoja alitaga, nadhani. Kisha Baba akamwambia Hezekia avae viatu vyake vya safari, kwa kuwa mshenga haendi Ikombe peku. Walivuka juzi kwa mtumbwi. Kwao Rut wamepokea, na ng'ombe watakwenda kiangazi njia ikikauka. Yakobo amesikia. Anauza vyungu, bei nafuu, ukitaka vya kuanzia nyumba.

Ndugu yangu, nililia nyuma ya mianzi ile na sioni aibu kukuandikia.

Baba ameniita leo nikuandikie maneno yake, na nimeyaandika yote. Kwanza, kazi usiiache. Anasema watu waliocheka walikuwa wengi na yeye ndiye aliyewachekesha, wewe ulishika mashine tu. Pili, akina mama wanasema alikula kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo picha nyingine uigeuze upande wao wa nyuma nao waone sawa. Nilimweleza haiwezekani. Alisema wewe ndiye mwongozaji, ongoza. Tatu, koti la Eliud.

La nne hakulisema kama agizo. Alikuwa ameshika mpini wa jembe, hanitazami. Alisema Rut akija kukaa hapa, hatamwona uso wake mpaka afe, na hivyo ndivyo inavyopasa. Ataupita mlango wake, atakula chakula alichopika, atambeba mtoto wake, na uso wake hataujua. "Ila nimekwisha kuuona mara moja," alisema. "Ananikaribisha. Mwambie yule kijana picha ile asiitupe. Wajukuu wakiuliza kama mimi na mama yao tulipata kukaa mkeka mmoja, awaoneshe."

Dada yako,
Atuganile